Kabla ya Kulipia Kompyuta Mpakato: Mambo ya Kukagua Kulingana na Kazi na Bajeti

Huduma nyingi ambazo zamani mwananchi alizifuata makao makuu ya wilaya akiwa na bahasha ya kaki mkononi, leo huanzia mtandaoni. Mzabuni anayetaka kuiuzia taasisi ya umma bidhaa au huduma hujisajili katika mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Mfanyabiashara huomba leseni kupitia TAUSI. Mhitimu anayetafuta ajira serikalini hutuma maombi kwenye Ajira Portal, na kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu kwa njia hiyo hiyo ya mtandao. Simu janja inamudu sehemu ya kazi hizi. Hata hivyo, pale panapotakiwa kuskani vyeti, kuunganisha kurasa kuwa faili moja, kujaza jedwali la bei lenye mistari arobaini na kulipakia kabla ya saa ya mwisho, simu humchosha mtumiaji na wakati mwingine humkosesha nafasi.

Ndiyo sababu kompyuta mpakato imekuwa kifaa kinachofikiriwa na watu wengi: vikundi vinavyokusudia kufungua steshenari, walimu, watendaji wa vijiji, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara wadogo. Kwa wengi wao kifaa hiki hununuliwa mara moja kwa miaka mingi, tena kwa fedha iliyopatikana kwa shida au inayopaswa kurudishwa.

Mfano mmoja wa hesabu unatosha kuonesha uzito wa jambo lenyewe. Kikundi cha vijana kimepata Sh 3,000,000 kutoka kwenye mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kikirejesha kwa miezi 24, kila mwezi kinadaiwa Sh 125,000. Ikiwa kila ukurasa unaotoka kwenye printa unabakiza faida ya Sh 100, kikundi kinahitaji kurasa 1,250 kwa mwezi, yaani takribani 48 kwa kila siku ya kazi, ili marejesho peke yake yatimie, kabla mwanachama yeyote hajapata posho. Mashine ikilala kwa fundi siku nne, kurasa karibu 200 zimepotea, na tarehe ya marejesho haisogei.

Andiko la mradi linalosema tu "kompyuta mpakato moja" halijasema kitu. Mashine mbili zinazofanana kwa rangi, kwa ukubwa wa kioo na hata kwa bei zinaweza kutofautiana kwa miaka mitano ya uhai.

Kazi itajwe kwanza

Swali la kwanza si aina ipi ni nzuri. Swali ni kazi gani itafanywa, wapi, na na nani. Kuandika barua, kutengeneza wasifu wa mwombaji kazi, kujaza fomu za mtandaoni na kuweka hesabu za duka ni kazi nyepesi. Mifumo ya serikali iliyotajwa hapo juu hufanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, hivyo haidai mashine yenye nguvu za pekee. Kinachoilemea mashine ni kufungua kurasa nyingi kwa wakati mmoja huku faili la Word, jedwali la Excel na WhatsApp vikiwa wazi pembeni, na hivyo ndivyo steshenari inavyofanya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kazi za kundi la pili ni nzito: kuhariri video za harusi, kuchora ramani za majengo kwa AutoCAD, kuchora ramani za ardhi kwa QGIS, kutengeneza mabango makubwa. Mwenye kazi hizo anahitaji mashine ya daraja jingine, na bajeti yake haina budi kuwa tofauti. Makosa hutokea pande zote mbili. Yupo anayenunua mashine ya mchezo wa kompyuta, nzito na yenye taa za rangi, kwa ajili ya kuandika andalio la somo. Na yupo anayejaribu kuhariri video kwa mashine ambayo hata kufungua picha kumi inahema.

Lipo swali jingine ambalo wauzaji hawaliulizi, kwa sababu jibu lake linaweza kuwapunguzia mauzo: je, ni lazima iwe mpakato? Kikundi kitakachokaa kwenye fremu moja, meza moja, siku zote, kinaweza kuhudumiwa vizuri zaidi na kompyuta ya mezani. Kwa fedha ile ile, ya mezani mara nyingi hutoa nguvu kubwa zaidi, vipuri vyake hubadilishwa kimoja kimoja, kibodi ikimwagikiwa chai hununuliwa nyingine, na si rahisi mwizi kuitia kwenye begi. Upungufu wake ni umeme. Ukikatika, kazi isiyohifadhiwa hupotea papo hapo, hivyo lazima iongezewe UPS. Aidha, kompyuta ya mezani na kioo chake zinazokula wati 100 kwa pamoja humaliza uniti 0.8 za LUKU kwa saa nane, wakati mpakato unaokula wati 30 humaliza uniti 0.24 kwa muda huo huo. Kijijini ambako umeme ni wa sola, tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua. Mtendaji anayezunguka vitongojini, mwalimu anayebeba kazi nyumbani na mwanafunzi anayehama bweni hawana sababu ya kujiuliza mara mbili: wao ni mpakato.

Herufi na namba za kusoma

Kibandiko kinachong'aa chini ya kibodi kimeuza mashine nyingi kuliko sifa za mashine zenyewe. Mnunuzi anaambiwa "hii ni i7", naye anaamini kwamba 7 ni kubwa kuliko 5, basi mambo yamekwisha. Si hivyo. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ina vizazi, na i7 ya zamani huachwa mbali na i5 ya miaka ya karibuni.

Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha 6. I5-8350U ni ya kizazi cha 8. Namba ikianza na 1, husomwa tarakimu mbili: i5-10310U ni kizazi cha 10 na i5-1145G7 ni kizazi cha 11. Herufi na namba hizi huonekana ndani ya mashine yenyewe, kwenye sehemu ya mipangilio inayoeleza kuhusu kompyuta. Hapo ndipo pa kuamini, kwa kuwa kibandiko hubandikwa na yeyote.

Kwa nini kizazi kiwe na uzito kiasi hicho sasa kuliko miaka mitano iliyopita? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine zenye mfumo huo hazikuzimika. Zinawaka na kufanya kazi kama jana yake. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya kuziba mianya ya usalama, isipokuwa kwa watumiaji binafsi waliojiandikisha kwenye muda wa nyongeza unaoishia Oktoba 2026. Windows 11, iliyochukua nafasi, ina masharti yake: RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na, kwa prosesa za Intel, kwa jumla kizazi cha 8 au zaidi. Kwa hiyo ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zina mashine imara kabisa ambazo hazikubaliwi na mfumo mpya, na mashine za namna hiyo zikitolewa maofisini huingia kwenye soko la mtumba.

Hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho hasa. Kuiona Windows 11 ikiwaka kwenye kioo si ushahidi kwamba mashine inakidhi masharti. Fundi anaweza kuusimika mfumo huo kwa kuruka ukaguzi, na utawaka. Lakini Microsoft haitoi uhakika wa masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Njia ya uhakika ni kusoma namba ya prosesa, au kutumia programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo hutoa jibu la ndiyo au hapana kwa dakika chache.

Majina ya mashine za mtumba nayo husaidia, ingawa si sana. HP EliteBook 840 G3 na Lenovo ThinkPad T460 ni za kizazi cha 6. Ndugu zao wa baadaye, EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480, nyingi ni za kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Muuzaji anayesema "hii ni T480" amesema kweli bila kumaliza maelezo.

Baada ya prosesa, kumbukumbu ya muda, ambayo kila duka huiita RAM. GB 4 zilitosha zamani. Leo mashine ya GB 4 ikifungua kivinjari na kurasa saba huanza kusuasua, na mteja aliye mbele ya kaunta huanza kutazama saa. Kwa steshenari, ofisi ya kijiji au mwanafunzi, GB 8 ndicho kiwango cha kuanzia. Kwa video na michoro, GB 16. Jambo la kuuliza mapema ni kama RAM inaweza kuongezwa. Mashine nyingi za ofisi za zamani zina nafasi mbili za kadi ya RAM, hivyo mwenye bajeti ndogo anaweza kununua yenye GB 8 na kuongeza baadaye. Nyembamba nyingi za siku hizi zimeunganishwa RAM moja kwa moja kwenye ubao, na ilivyo siku ya kununuliwa ndivyo itakavyobaki hadi mwisho.

Kuhusu hifadhi, aina inatangulia ukubwa. Diski ya zamani, HDD, ina sahani inayozunguka na sindano inayosoma juu yake. Ni ya polepole, tena haipendi mishtuko: kilomita ishirini za barabara ya vumbi nyuma ya bodaboda, mashine ikiwa haijazimwa kabisa, zinaweza kuiua na kuzika kazi zote zilizomo. SSD haina kitu kinachozunguka. Mashine ya zamani iliyobadilishiwa HDD kwa SSD huwa kama imefufuka, na kwa sababu hiyo SSD ya GB 256 ni bora kuliko HDD ya GB 1,000 kwa karibu kila kazi iliyotajwa katika makala haya. Ipo pia aina ya tatu, eMMC, inayopatikana kwenye mashine mpya za bei ya chini, mara nyingi ikiwa GB 32 au 64. Hiyo hujazwa na Windows yenyewe na masasisho yake, mwenye mashine akabaki hana pa kuweka faili zake.

Mpya ya bei ya chini au mtumba wa ofisi?

Kwa bajeti ndogo, uchaguzi halisi huishia hapa. Upande mmoja ipo mashine mpya, imo kwenye boksi, ina waranti, prosesa ya daraja la chini, RAM ya GB 4 isiyoongezeka na eMMC. Upande wa pili upo mtumba uliokuwa mezani kwa ofisa fulani ng'ambo: Latitude, EliteBook au ThinkPad, umekwaruzika kwenye pembe, lakini una kizazi cha 8, GB 8 na SSD.

Kwa kikundi kinachotegemea mashine kwa marejesho, mtumba wa ofisi uliokaguliwa vizuri mara nyingi ndio chaguo bora. Mashine hizo zilitengenezwa zitumike kila siku kwa miaka. Bawaba zake ni imara, kibodi yake inavumilia, na mafundi wengi wamezizoea, hivyo vipuri hupatikana. Lakini neno linalobeba uzito katika sentensi hiyo ni "uliokaguliwa". Mtumba usiokaguliwa ni bahati nasibu. Asiye na mtu wa kumsaidia kukagua anatendewa haki zaidi na mashine mpya yenye waranti iliyoandikwa, hata kama nguvu zake ni za wastani, mradi asikubali RAM chini ya GB 8.

Mwanafunzi wa chuo aulize idarani kwake kabla ya kununua chochote. Baadhi ya programu za uhandisi, AutoCAD ikiwa mojawapo, zina masharti yake, na mashine iliyonunuliwa kwa fedha ya kujikimu haitarudishwa dukani kwa sababu tu imeshindwa kazi ya mwaka wa pili.

Ukaguzi dukani

Ukaguzi wa kweli huchukua nusu saa. Muuzaji anayemharakisha mnunuzi kwa maneno kwamba kuna mteja mwingine njiani aachwe ampokee huyo mteja.

Mashine iwashwe ikiwa imezimwa kabisa, si ikiwa imeshawashwa na muuzaji. Baada ya kuthibitisha prosesa, RAM na hifadhi, kinachofuata ni betri, kwa sababu ndiyo inayochakaa kwanza kwenye mtumba. Windows ina kipimo chake. Ukifunguliwa uwanja wa amri na kuandikwa powercfg /batteryreport, mashine hutoa ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Betri iliyotoka na 48,000 na sasa hujaa 30,000 imebakiwa na asilimia 62.5. Bado inafaa. Iliyobakiwa na asilimia 30 itahitaji kubadilishwa karibuni, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei palepale, si baadaye.

Kisha mashine izimwe na kuwashwa tena huku ikibonyezwa F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa ThinkPad, ili kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, mashine hiyo bado ina kufuli la mwenye nayo wa kwanza. Vivyo hivyo mashine ambayo, baada ya kurejeshwa kama mpya, inadai barua pepe ya shirika fulani ili iendelee. Inawezekana iliuzwa kihalali na mtu akasahau kuifungua. Inawezekana pia iliibwa. Katika hali zote mbili si ya kununua.

Kila kitufe cha kibodi kibonyezwe, na hapa pana jambo ambalo wengi hulicheka hadi liwapate. Mashine zilizotoka Ujerumani zina kibodi ambayo Y na Z zimebadilishana nafasi. Za Ufaransa zina A na Q mahali pengine. Mchapaji aliyezoea kuchapa bila kutazama vidole ataandika "yeye" na kioo kitamwonesha "zeze". Mipangilio inaweza kubadilishwa, lakini herufi zilizochapwa kwenye vitufe zitabaki zikimdanganya kila mgeni atakayekaa kwenye kiti. Kwa mashine itakayotumiwa na wanachama kadhaa wa kikundi, hiyo ni kero ya kila siku.

Yaliyobaki ni mepesi: kamera, kipaza sauti na spika zijaribiwe kwa kurekodi sauti fupi, ufunguliwe ukurasa mweupe kioo kizima ili madoa yaonekane, flashi ichomekwe kwenye kila tundu la USB, Wi-Fi iunganishwe na simu, kioo kifunguliwe na kufungwa mara kadhaa bawaba zikisikilizwa. Chaja isomwe maandishi yake. Ikiwa imeandikwa kuanzia volti 100 hadi 240, inafaa kwa umeme wa hapa hata kama ilitoka Marekani, na kinachohitajika ni plagi ya pini tatu tu.

Risiti ya EFD idaiwe, yenye jina la mnunuzi na maelezo ya mashine. Kwa kikundi kilichokopeshwa fedha za umma, risiti ni sehemu ya hesabu za mradi. Waranti ya mdomo, "ikisumbua irudishe", haina maana duka likihama fremu. Siku za waranti na vitu inavyovigusa viandikwe nyuma ya risiti na kugongwa muhuri wa duka. Anayenunua Kariakoo kwa kumtuma ndugu aliyeko Dar es Salaam ampe orodha hii mkononi, kwani ndugu naye atauziwa kibandiko.

Fedha isiishie kwenye mashine

Kikundi chenye Sh 3,000,000 kikinunua mashine ya Sh 2,500,000 kimejifunga. Steshenari haiuzi kompyuta. Inauza kurasa, na kurasa hutoka kwenye printa. Wino au tona, karatasi, skana, kinga ya umeme, kodi ya fremu na bando la mwezi wa kwanza vyote vinasubiri. Kwa kazi ya aina hii ni busara mashine isizidi nusu ya fedha yote, na printa ichaguliwe kwa gharama ya kila ukurasa badala ya bei ya dukani, kwa kuwa printa rahisi yenye vikatriji vidogo hula faida kimyakimya.

Baadhi ya gharama zinaweza kuepukwa kihalali. LibreOffice ni programu ya bure ya kuandika na kufanya hesabu, na hufungua faili nyingi za Word na Excel. Mwenye mashine ya kizazi cha 6 au 7 ambayo tayari anayo hana haja ya kuitupa: mifumo endeshi ya Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, ni ya bure, hupata masasisho, na kivinjari chake hufungua kurasa za mtandao kama kawaida. Kinga ya virusi imo ndani ya Windows yenyewe. Kinachogharimu zaidi ni ile nakala ya programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli na kuletwa kwenye flashi, kwani ndiyo njia mojawapo ya virusi kuingia na kufunga kazi za wateja.

Bando nalo lina mlango wa siri. Windows hupakua masasisho makubwa bila kuuliza, na mashine iliyounganishwa na simu inaweza kumaliza kifurushi cha wiki kwa usiku mmoja. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kipo kitufe cha kuiambia mashine kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Kikiwashwa, masasisho mengi husubiri hadi mwenyewe atakapoamua.

Kwa watu wenye ulemavu, hesabu ya vipaumbele hubadilika. Mtumiaji asiyeona hana sababu ya kulipia kioo kikubwa na chenye rangi kali. Fedha hiyo iende kwenye RAM, spika nzuri na vitufe vinavyotambulika kwa kidole. NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, ni ya bure, na sauti inayokuja nayo ina Kiswahili, ingawa lafudhi yake humhitaji msikilizaji kuizoea. Kwa mwenye uoni hafifu, Windows ina kikuza maandishi ndani yake, na kwake kioo cha inchi 15 kina maana kuliko cha 13.

Siku ya kwanza ofisini

Mashine ya steshenari hubeba vyeti vya watu, namba za NIDA, picha za pasipoti na mikataba ya viwanja. Faili hizi huachwa wazi kwenye uso wa kompyuta, na mteja wa baadaye anayeketi kujaza fomu yake huziona zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Kwa steshenari hii inamaanisha mambo ya kawaida kabisa: nywila ya kuingilia, akaunti tofauti kwa ajili ya wateja, na faili la mteja kufutwa kazi yake ikiisha, au kuhifadhiwa kwa ridhaa yake mahali palipofungwa.

Kazi za kikundi chenyewe, yaani daftari la mapato, orodha ya wanachama na ratiba ya marejesho, zinakiliwe kila Ijumaa kwenye diski ya nje ambayo haikai chumba kimoja na mashine. Mwizi hachagui.

Shule na vituo vya afya vinavyonunua kwa fedha za umma vina njia yao: ununuzi hupitia NeST, na sifa za kifaa huandikwa kwa viwango badala ya jina la kampuni. Yaliyoelezwa juu ya RAM, SSD na kizazi cha prosesa yanaweza kuingia kwenye sifa hizo yalivyo. Vikundi vilivyo kwenye hatua ya kuandika andiko la mradi vimuone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ili aviunganishe na Kitengo cha TEHAMA kabla ya kwenda dukani. Andiko lenye mstari kama "kompyuta mpakato iliyotumika, prosesa kizazi cha 8 au zaidi, RAM GB 8, SSD GB 256, betri isiyopungua asilimia 60, waranti ya maandishi" humpa mkaguzi kitu cha kulinganisha na kile kilicholetwa.

Mashine ikishafika, namba yake ya utambulisho, iliyochapwa chini ya mgongo wake na kuonekana pia ndani ya mipangilio, iandikwe kwenye daftari la mali za kikundi pamoja na tarehe, namba ya risiti na jina la mwanachama aliyekabidhiwa. Siku ikiibwa, polisi wataiuliza namba hiyo kwanza.